Alama ya Kidole Gumba

Baba yangu alikuwa sonara katika Mji Mkongwe wa Unguja, na katika karakana yake nilikua nikiamini kwamba fedha na shaba haziwezi kushikana bila lehemu. Imani hiyo niliifikisha hadi Akita, kaskazini mwa Japani, majira ya baridi ya mwaka 2013, nilipopokelewa kwa wiki mbili na fundi mmoja wa pete za ndoa ambaye kazi yake yote ni ya mokume-gane, jina lenye maana ya madini yenye mistari kama ya ubao. Denbei Shoami (1651–1728), anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ufundi huo, alifanya kazi Akita hiyohiyo chini ya ukoo wa Satake, akipamba vifaa vya panga za samurai. Serikali ilipopiga marufuku watu kutembea na panga mwaka 1876, mafundi wa namna yake walikosa wateja, na kwa maoni yangu pete ya ndoa ndiyo iliyoupatia ufundi huu uhai mpya.

Sensei, yaani mwalimu, kama nilivyomwita fundi huyo, alinikabidhi mabamba manane ya fedha na saba ya shaba nyekundu, kila moja likiwa na unene wa milimita 1. Aliniagiza niyasugue kwa msasa, niyaoshe, kisha niyashike kwenye kingo tu. Niliyapanga kwa kupishana, tukayabana kwa boliti katikati ya vyuma viwili vizito, tukayaingiza katika tanuri la umeme. Fedha huyeyuka kwa nyuzi 962 na shaba kwa nyuzi 1085, lakini zinapogusana, mahali pa mguso huanza kuyeyuka kwa nyuzi 779. Kwa hiyo tanuri lilikaa chini kidogo ya hapo kwa saa nyingi, ili chembe za madini moja zipenye ndani ya jingine pasipo chochote kuyeyuka.

Kesho yake nilianza kufua. Pigo la kumi hivi lilitoa sauti butu, na ubavuni mwa kipande ukaonekana mstari mweusi mwembamba kama unywele. Sensei alipenyeza ubavu wa kisu, matabaka yakaachana, na juu ya shaba nikaona kidole gumba changu: kila mstari wa ngozi ulikuwa pale, mweusi juu ya wekundu, ukizunguka kama miviringo ndani ya gogo lililokatwa. Mafuta ya mguso mmoja yalitosha kuyatenga madini yale. Niliona aibu kubwa, kwa sababu nilikuwa nimeonywa. Sensei hakunikaripia, alikisogeza kipande chini ya taa, akaniacha nikitazame hadi nitosheke, kisha akaleta mabamba mengine.

Safari hii niliosha mikono mara tatu, nikafunga kitambaa mdomoni. Kipande kilishikana. Nilikifua hadi unene ukapungua nusu, nikikirudisha motoni kila kilipokuwa kigumu, halafu nikachimba vishimo vifupi juu yake na kukifua tena hadi sehemu za chini zikapanda usawa wa zile za juu, na hapo ndipo miviringo ya ubao ilipojitokeza. Kutoka humo tulikata ufito, tukaupasua katikati bila kufika ncha zake, tukautanua polepole hadi ukawa pete isiyo na kiungo. Mwisho niliichovya katika maji ya figili iliyokunwa, kisha katika dawa ya moto iitwayo rokusho, yenye chumvi za shaba. Fedha ilibaki nyeupe, shaba ikageuka rangi ya chungu kipya. Pete za wateja wake Sensei huzitengeneza kwa dhahabu, fedha na paladiamu, kwa kuwa rangi ile ya shaba huchujuka kwa jasho. Hii ilikuwa ya kujifunzia.

Niliporudi Unguja nilimpa baba pete ile. Aliweka kioo chake jichoni, akaizungusha, akapitisha ukucha ukingoni, akaizungusha tena.

“Lehemu iko wapi, mwanangu?”

“Haina, baba.”

Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza tanuri lilikuwa na moto kiasi gani, na kabla sijamjibu alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kutafuta kalamu.