Jinsi tamthilia na sinema za Kijapani zilivyonikolea

Mtu aliyezoea tamthilia za Kikorea, za Kifilipino au za Kituruki akihamia za Kijapani, lawama zake huwa zilezile: fupi, kimya, na mwisho unaning'inia. Yote matatu ni kweli, na hakuna hata moja ninaloliita kasoro. Zilianza kunikolea nilipojua zinavyopangwa kule kwao, kisha nikapanga upya mambo mawili yaliyo mikononi mwangu: mfuatano wa kutazama na sabtaito.

Nianze na kalenda, maana ndiyo inayoamua urefu. Mwaka wa televisheni wa Japani umekatwa vipande vinne vya miezi mitatu mitatu, vinavyoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kipande kimoja wanakiita kuru. Tamthilia ya jioni hupewa kuru moja: sehemu 10 au 11, moja kwa wiki, kama dakika 46 ukiondoa matangazo. Ikiisha imeisha. Hanzawa Naoki ya kituo cha televisheni cha TBS, hadithi ya ofisa wa benki anayelipiza kisasi, ilifikia asilimia 42.2 ya kaya za eneo la Kanto (Tokyo na jirani zake) kwenye sehemu yake ya mwisho mwaka 2013, na bado msimu wa pili ulisubiriwa hadi 2020. Kwa hiyo usitegemee sehemu za kujazia. Kitu kilichowekwa mezani kwenye sehemu ya pili mara nyingi ndicho kitakachotumika kwenye ya nane, na anayerukaruka atafika mwisho akidai hadithi imekatwa.

Mimi huchagua kwa siku na saa ya kurushwa kabla ya kuangalia mwigizaji. Jumatatu saa tatu usiku Fuji TV imejijengea jina kwa mapenzi ya mjini. Jumapili saa hiyohiyo TBS huleta mambo ya kazi na makampuni, wanaume wenye tai wanaogombana kwenye vyumba vya mikutano. Usiku wa manane ndiko kwenye vitu vifupi vya dakika 25 hivi, na huko ndiko ninakomwelekeza mgeni aanzie. Shinya Shokudo, iliyoanza 2009, inahusu mgahawa wa Shinjuku, mtaa wa Tokyo, unaofunguliwa saa sita usiku na kufungwa saa moja asubuhi. Kila sehemu ina mteja mmoja, chakula kimoja, kisa kimoja. Ukitazama sehemu tatu utajua kama ladha yenyewe ni yako.

Tamthilia za asubuhi za NHK, shirika la utangazaji la umma, wanaziita asadora, ni mnyama mwingine. Dakika 15 kila siku, siku tano kwa wiki tangu 2020 (zamani sita), kwa miezi sita. Oshin ya 1983 ilikwenda mwaka mzima, sehemu 297, waigizaji watatu wakimwigiza mwanamke mmoja utotoni, ujanani na uzeeni. Zilitungwa kwa watu walio jikoni au wanaofunga viatu, ndiyo maana msimulizi anasema mengi na mhusika anarudia lililosemwa jana. Ukimeza sehemu 20 kwa mkupuo, marudio hayo yatakuchosha. Kipimo changu ni wiki moja ya hadithi kwa kikao, yaani sehemu tano au sita, kwa sababu kila wiki ina kisa chake kinachofungwa.

Taiga, tamthilia ndefu ya kihistoria ya NHK, huenda Januari hadi Desemba, Jumapili usiku, sehemu karibu 50 za dakika 45. Wengi hushindwa humo kwa sababu ya majina tu. Mtu mmoja wa karne ya 16 hubadilisha jina kila anapopanda cheo: Kinoshita Tokichiro ndiye Hashiba Hideyoshi, ndiye Toyotomi Hideyoshi. Tokugawa Ieyasu anaanza kama Takechiyo, akawa Motonobu, kisha Motoyasu. Andika kwenye karatasi, kila mtu mstari wake, na ukumbuke miaka mitatu: 1560 vita vya Okehazama, 1582 mbabe wa vita Oda Nobunaga anasalitiwa kwenye hekalu la Honnoji, 1600 vita vya Sekigahara. Ukiwa na hiyo misumari mitatu, mengine utayatundika. Asiyetaka mapanga aanze na Idaten ya 2019, sehemu 47, ambayo nusu yake ya kwanza ni juu ya Kanakuri Shizo, mkimbiaji aliyepotelea njiani kwenye marathoni ya Olimpiki ya Stockholm 1912 na kuitwa arudi kumalizia mbio mwaka 1967. Watazamaji wa Japani waliiacha kwa wingi. Mimi naiweka juu ya taiga nyingi za mapanga. Anayekumbuka Juma Ikangaa akifukuzana na Mjapani Seko Toshihiko hadi mita za mwisho kule Fukuoka mwaka 1983 atajua kwa nini Wajapani wanaichukulia marathoni kwa uzito ule.

Hesabu ya bando. Netflix wenyewe wanakadiria GB 0.3 kwa saa kwa ubora wa chini, 0.7 kwa wa kati na hadi 3 kwa wa juu wa HD. Sehemu 10 za dakika 46 ni saa 7 na dakika 40, kwa hiyo kama GB 2.3, 5.4 au 23. Kwenye simu ubora wa kati unatosha, isipokuwa kwenye vitu vya usiku kama ule mgahawa wa Shinya Shokudo: picha ikibanwa sana, giza hugeuka miraba miraba na nyuso zinapotea. Hizo pakua kwa Wi-Fi.

Unapotafuta, kumbuka jina la ukoo hutangulia, hivyo mwongozaji Kurosawa Akira na Akira Kurosawa ni mtu yuleyule. Jina la kazi nalo huandikwa namna tatu: tafsiri, Kijapani kwa herufi za Kilatini, na Kijapani chenyewe. Nikikwama nanakili 深夜食堂 (ndiyo Shinya Shokudo) nzima nzima na kuibandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Huwa inapatikana mara moja.

Sasa sabtaito, na hapa sitafanya haraka. Kitenzi cha Kijapani hukaa mwisho wa sentensi, na ukanushi hubandikwa kwenye mkia wake. Mwigizaji anaweza kumtaja mtu, mahali na sababu, akanyamaza, akameza mate, ndipo akasema kama anakubali au anakataa. Sabtaito hutokea yote kwa pamoja mwanzoni, kwa hiyo umeshasoma "siwezi" wakati uso wake bado unabishana na nafsi. Nusu ya utamu wa matukio ya kuungama, kuposa na kujiuzulu inamwagika hapo. Dawa yangu ni kuchelewesha maandishi kwa nusu sekunde. Kwenye VLC ya kompyuta, programu ya kuchezea video, H huchelewesha na G huwahisha, kila mbonyezo milisekunde 50, hivyo bonyeza H mara kumi. Usifike sekunde nzima. Kwenye mazungumzo ya kujibizana hutajua nani kasema nini. Kwenye programu zisizoruhusu kusogeza, tukio zito lirudie: mara ya kwanza soma, mara ya pili tazama uso tu.

Kuchelewa kwa kiasi kilekile kutoka mwanzo hadi mwisho kunatibika kwa G na H. Lakini sabtaito ikianza sawa halafu ikazidi kupishana, tatizo ni kasi ya fremu: faili ya sabtaito imepimwa kwa fremu 25 kwa sekunde na video inakwenda 23.976. Baada ya saa moja tofauti ni kama dakika mbili na nusu, na hakuna kubonyeza kutakakokusaidia. Fungua faili kwenye Subtitle Edit, programu ya kurekebisha sabtaito, badilisha kasi ya fremu, hifadhi upya. Ukiona vijisanduku au herufi za ajabu mahali pa Kijapani, faili imehifadhiwa kwa Shift-JIS, usimbaji wa herufi za Kijapani, na kichezeshi kinasoma UTF-8, usimbaji mwingine. Badilisha usimbaji kwenye mipangilio ya sabtaito. Na video ya televisheni ikionyesha mistari kama meno ya kitana mtu anaposogea, bonyeza D kwenye VLC.

Anayenunua diski asome jalada kabla ya kutoa pesa. Diski hufungwa kwa kanda za dunia: DVD ya Japani ni ya kanda ya 2, Afrika Mashariki tuko kanda ya 5. Blu-ray ya Japani ni kanda A, sisi ni B. Kiendeshi cha kompyuta hukuruhusu kubadilisha kanda ya DVD mara tano tu, kisha kinajifunga kwenye ya mwisho. Tena DVD nyingi za tamthilia zinazouzwa kwa soko la kwao hazina sabtaito ya lugha nyingine yoyote.

Kuna mambo sabtaito haiyabebi hata ikikaa sawasawa. Sikiliza viambishi vya majina: -san ya heshima ya kawaida, -sama ya juu, -kun kwa kijana au mdogo kazini, -chan ya kubembeleza. Kwenye tamthilia za mapenzi, siku mtu anapoacha kumwita mwenzake kwa jina la ukoo na kutumia jina lake la kupewa ni tukio zito kuliko busu, na mtafsiri mara nyingi alishaandika jina hilo tangu sehemu ya kwanza. Aliyelelewa na shikamoo ana sikio la mambo haya, alifungulie tu. Angalia na viti. Mkubwa hukaa mbali na mlango, mdogo karibu nao. Mdogo humimina kinywaji, na wakigonganisha glasi yake hukaa chini kidogo. Kuinama kuna vipimo: nyuzi 15 kwa salamu ya kupishana, 30 kwa mkubwa au mteja, 45 kwa kuomba radhi. Ndiyo maana Hanzawa Naoki inasubiri sehemu kumi nzima ili mkubwa mmoja apige magoti na kugusisha paji la uso sakafuni. Na hofu ya watu wa mabenki yale mara nyingi ni kuhamishiwa kampuni tanzu, zaidi ya kufukuzwa: unabaki na mshahara, lakini njia ya kupanda imekwisha. Usipolijua hilo utashangaa wazee wazima wanatetemekea barua ya uhamisho.

Kwa sinema, mimi humwanzisha mtu na mwongozaji Kore-eda Hirokazu kabla ya wazee wa zamani. Dare mo Shiranai ya 2004 ina watoto wanne walioachwa na mama yao kwenye nyumba ya kupanga. Ilipigwa kwa karibu mwaka mzima kwa mfuatano wa hadithi, watoto bila kupewa muswada, na Yagira Yuya akapata tuzo ya mwigizaji bora Cannes akiwa na miaka 14. Hakuna anayekuambia miezi inapita. Tazama vitu: rangi ya kucha iliyomwagika sakafuni, kalamu za rangi zinazofupika, vikombe vya tambi vinavyogeuka vyungu vya mimea, nywele zinazorefuka. Ukifuata vitu hivyo, saa mbili na dakika 20 hazichoshi.

Ozu Yasujiro aje baadaye. Tokyo Monogatari ya 1953 ni dakika 136 za kamera iliyo chini, kimo cha mtu aliyekaa kwenye mkeka, karibu kila mara lenzi ya milimita 50, na karibu haisogei. Wanaozungumza huonekana kama wanakutazama wewe. Jambo la kushika ni kwamba Ozu huruka palepale ambapo wengine wangekaa. Wazee wanafunga mizigo Onomichi, picha inayofuata wako Tokyo. Safari ya treni hukuonyeshwa. Kwenye Banshun ya 1949, hadithi nzima ni ndoa ya binti, na bwana harusi hatokei hata mara moja. Kila unapoona bomba la kiwanda au nguo zimeanikwa, jiulize nini kimerukwa.

Kurosawa ndiye mwepesi kwa mgeni, ila Shichinin no Samurai, yaani samurai saba wanaolinda kijiji, ni dakika 207, ina mapumziko yake katikati, yatumie. Majambazi ni 40. Kambei, kiongozi wa samurai, anachora duara kwa kila mmoja na kufuta anayekufa, kwa hiyo mtazamaji unaweza kuhesabu vita pamoja naye. Hesabu na bunduki: ni tatu tu, na samurai wote wanne wanaokufa wanakufa kwa risasi, hakuna hata mmoja aliyeshindwa kwa upanga. Kurosawa anasema hapo jambo zito kuhusu zama za upanga bila kulitamka.

Muvi hizi hazifai kusimuliwa juu na DJ. Kung fu inavumilia, tena inanoga. Hapa ukimya wenyewe ndio mazungumzo, na sauti ya mtu wa tatu ikiingia unabaki na picha za watu wanaokunywa chai.

Kwa anayetaka mlango ulio karibu na kwetu, zipo mbili. Kaze ni Tatsu Lion ya 2015, ya Miike Takashi, ni ya daktari wa Kijapani aliyepelekwa Kenya mwaka 1987, na ilipigwa picha hukohuko Kenya. Shizumanu Taiyo ya 2009 inamfuata kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa shirika la ndege, anayeadhibiwa kwa kupelekwa Karachi, kisha Tehran, kisha Nairobi. Ni dakika 202. Ukiichagua, rudi kwanza kwenye lile suala la barua ya uhamisho, maana filamu nzima imesimama juu yake. Na kama saa tatu na ushee ni nyingi, kituo cha televisheni cha WOWOW kilitoa toleo la tamthilia mwaka 2016, sehemu 20.