Kurekebisha nywele zilizopandikizwa vibaya: ufanyie hapa nyumbani au urudi nje?

Mdogo wangu ana duka la nguo Kariakoo na mzigo wake anafuata Istanbul, pale Laleli na Osmanbey, kwahiyo alivyoamua kupandikiza nywele hakuona haja ya kuwaza sana, anaenda kuchukua mzigo, anapita kliniki, anarudi na vyote viwili. Wafanyabiashara wengi wa huku wamefanya hivyo hivyo na wapo waliotoka vizuri kabisa, sitaki mtu asome hapa adhani naisema vibaya Uturuki. Yeye hakutoka vizuri. Sasa hivi umepita zaidi ya mwaka na nyumbani kwetu mjadala ni mmoja tu, anarekebishia wapi: Dar, Nairobi, India, au anapanda ndege anarudi kulekule.

Nimelifuatilia hili jambo sana, nimeenda nae kwa madaktari wa ngozi, nimesoma mpaka usiku, na ninachoamini ni kwamba oparesheni ya kurekebisha ni kazi nyingine kabisa na ile ya kwanza. Vigezo ambavyo watu wanatumia kuchagua mara ya kwanza, yani bei, hoteli, dereva wa kukupokea uwanja wa ndege, hapa havikusaidii kitu.

Ngoja nieleze kwanza kilichoharibika maana ndo kinachoamua mengine yote. Mstari wa mbele waliushusha mno, umekata paji la uso moja kwa moja bila kupanda pembeni kama kichwa cha mtu mzima kinavyokuwa. Alafu pale mbele kabisa panapotakiwa kuwekwa shina lenye unywele mmoja mmoja, wao wakaweka yenye nywele tatu nne, kwahiyo ukimwangalia karibu unaona vishungi vishungi na ngozi katikati yake. Nyingi zimesimama wima badala ya kulala kufuata uelekeo wa nywele zake. Na kisogoni ndo kuna balaa lenyewe, wamechukua kwa fujo upande mmoja mpaka pamepauka, vidoti vyeupe vimejaa, na yeye ni mtu wa kunyoa fupi, kwahiyo kila kitu kinaonekana. Wa kwanza kumwambia ukweli ni kinyozi wake.

Kwanini inatokea sana kwa watu wetu? Nywele zetu zinajikunja mpaka chini ya ngozi, shina haliendi chini wima, linapinda. Anaetoboa anatumia kitobozi cha duara, mara nyingi upana wake ni chini ya milimita moja au inakaribia hapo, na akikishusha wima kama alivyozoea kwenye nywele zilizonyooka analikata shina katikati. Shina lililokatwa vibaya halioti ulipolipeleka na huko lilikotoka halipo tena. Umepoteza pande zote mbili. Alafu kuna kitu ambacho wauzaji hawakisemi, nywele zilizojikunja zinafunika ngozi vizuri kuliko zilizonyooka, kwahiyo mara nyingi mtu mweusi anahitaji mashina machache kuliko wanayomtajia. Mdogo wangu aliuziwa "elfu nne" kwa picha moja ya simu iliyopigwa kwa mbele. Kisogo chake hakuna alieomba kukiona!

Na kisogo ndo kila kitu. Daktari Norman Orentreich wa New York alichapisha mwaka 1959 kwamba nywele za kisogoni zikihamishiwa mbele zinabaki na tabia yake ya kule zilikotoka, hazidondoki kama zile za uwaraza, na kazi yote hii imesimama juu ya hilo mpaka leo. Ila pale zilipotolewa hazioti nyingine. Nikamwambia mdogo wangu kwa lugha ya dukani kwake, kisogo ni mtaji, hawa jamaa wamekula mtaji, na aliebaki na mtaji kidogo hawezi kumpa mtu wa kujaribu jaribu.

Ndo maana kurekebisha ni kazi ya taratibu. Vishungi vilivyokaa vibaya vinatobolewa kimoja kimoja, vinagawanywa kwa darubini kuwa mashina madogo, vinarudishwa sehemu nyingine inayofaa. Visivyofaa vinaunguzwa kwa leza. Mbele zinaongezwa nywele moja moja ili mstari uwe laini. Makovu ya kisogoni yanaweza kujazwa, ila kovu lina damu kidogo na sio kila shina litashika, kwahiyo daktari makini anapanda kwa nafasi nafasi, au anashauri kuchorwa vidoti vya wino vinavyofanana na nywele iliyonyolewa. Wengine wanachukua nywele za ndevu. Na mara nyingi haiishi kwa siku moja, unafanya, unasubiri ipone, unafanya tena. Hata kuanza kwenyewe kwa kawaida unasubiri kama miezi 12 tangu ile ya kwanza, maana nywele zilizopandwa zinadondoka wiki za mwanzoni, zinaanza kurudi mwezi wa tatu wa nne hivi, na sura kamili inakuja karibu na mwaka.

Tuje kwenye nje. Kliniki iliyomharibia ilipoona picha ikasema sawa, njoo turudie bure. Mdogo wangu akafurahi, "Braza, bure kabisa, mi natoa tiketi tu na mzigo nachukua." Nikamuuliza nani atakaeshika kitobozi. Akauliza kule WhatsApp, akajibiwa timu yetu ya wataalamu. Akauliza jina la daktari, akatumiwa video ya hoteli. Mi hapo nilimaliza, kwa upande wangu ofa ya bure kutoka kwa mtu asietaja jina la daktari ni ghali kuliko zote, kwasababu itachukuliwa kwenye kile kisogo kilichobaki. Uturuki hii ni kazi inayotakiwa kufanyika chini ya daktari, na kliniki zinazopokea wageni zinatakiwa kuwa na kibali cha utalii wa tiba kutoka wizara yao ya afya, kwahiyo una haki ya kuomba vyote viwili, jina na kibali, na kliniki ya kweli haikasiriki. Shida inakuja pale daktari anapopita kusalimia tu alafu kutoboa na kupanda kunafanywa na mafundi wanaozunguka vyumba vitatu vinne kwa siku. Hili sio la mji mmoja, lipo dunia nzima, mpaka chama cha kimataifa cha madaktari wa hii kazi, ISHRS, kinaendesha kampeni dhidi ya kliniki za vichochoroni na kimeitenga tarehe 11 Novemba kuwa siku ya kurekebisha nywele za walioharibiwa.

Ila hukohuko Istanbul tumepata pia daktari wa aina nyingine. Huyu hakujibu kwa dakika tano, alijibu baada ya siku kadhaa, akaomba kisogo kipigwe picha kikavu na kikiwa kimelowa, akauliza kama kwenye familia kuna watu wenye makovu yanayovimba, akauliza dawa anazotumia, akasema anachukua mgonjwa mmoja kwa siku na matundu anatoboa mwenyewe. Bei yake iko juu na foleni ni ya miezi. Akatuonyesha vichwa vya watu weusi aliowarekebisha, kabla na baada ya mwaka mzima, taa ileile, pembe ileile. Hicho ndo kipimo changu cha nje: picha za watu wenye nywele kama zako waliorekebishwa, maana picha nzuri za oparesheni ya kwanza kwa Mzungu au Mturuki hazikuambii lolote kuhusu kichwa chako.

Sasa nyumbani. Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo watu wanaparuka. Kabla ya kuongelea nani anapanda, mpeleke mtu kwa daktari wa ngozi wa huku, hata kama umeshaamua kusafiri. Tulienda, daktari akamgeuza shingo, akagusa chini ya kisogo, akasema hivi vipele vigumu umekuwa navyo muda gani? Mdogo wangu akajibu, dokta hivyo ni vya mashine ya kinyozi, vinakuja vinaondoka. Kumbe sio vya kudharau, vile vipele vya kisogoni vinavyowapata sana wanaume weusi vinageuka makovu magumu, na ukitoboa pale vikiwa bado hai unaweza kuviamsha vibaya. Vinatibiwa kwanza. Istanbul hakuna alieviona, na dokta wa huku aliviona kwa vidole ndani ya dakika mbili maana anakutana navyo kila siku. Ukanda wetu una madaktari wa ngozi wazuri tu, pale hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha kufundisha madaktari wa ngozi wa Afrika Mashariki na kusini tangu miaka ya 1990, ngozi nyeusi ndo somo lao la kila siku.

Kwa kinadada hili lina uzito hata zaidi. Nywele zikikatika pembeni kwasababu ya kusuka rasta za kubana ni kitu kimoja, ila zikiisha kuanzia utosini na ngozi inang'aa, huo unaweza kuwa ugonjwa unaoua shina na kuacha kovu, na ukipandikiza wakati ugonjwa haujatulia unakula hata zile ulizopanda. Inabidi kikatwe kinyama kidogo cha ngozi kipelekwe maabara kwanza. Dada alieambiwa kwa WhatsApp "tunapanda tu" bila kipimo hicho, naomba asisafiri.

Udhaifu wa nyumbani nao nausema. Waliorekebisha vichwa vingi ni wachache, Dar ukitafuta unakutana na saluni zilizoongeza neno kliniki kwenye bango, na hata daktari wa kweli wengine watakuonyesha picha tatu tu, za miezi minne. Nairobi uzoefu umezidi kidogo wa huku. Usajili unaangalia kirahisi, Kenya jina la daktari unalitafuta kwenye tovuti ya KMPDC, baraza la madaktari la huko, huku kwetu ni Baraza la Madaktari Tanganyika, ila jua kwamba kuwemo kwenye orodha kunamaanisha ni daktari, hakumaanishi amefundishwa nywele. Muulize amefundishwa wapi, amerekebisha wangapi, na muulize kuhusu ganzi pia, watu hawaulizi kabisa. Hizi ni oparesheni za masaa mengi, ganzi inaongezwa ongezwa, na lidokaini yenye adrenalini kiwango cha juu kinachotumika kawaida ni miligramu 7 kwa kila kilo ya uzito, yani mtu wa kilo 70 ni kama miligramu 490. Nani anaandika hesabu hiyo, na kuna vifaa gani vya dharura chumbani? Uliza hivyo popote, Dar au Istanbul.

Kilichonielemeza mimi zaidi upande wa nyumbani ni baada ya oparesheni. Mara ya kwanza mdogo wangu alirudi na kichwa kimevimba na joto hili la Dar, kikatoa usaha, dada wa kliniki anaejibu WhatsApp akasema osha tu na maji ya chumvi. Madaktari wawili wa huku walisita kugusa kazi ya mwenzao wasiyoijua, na siwalaumu, hawakuwa na karatasi hata moja inayosema kilifanyika nini. Sasa kwenye kurekebisha ngozi ina makovu tayari, na sisi kwetu makovu yanavimba, mama yetu analo la sikioni alipotobolewa utotoni. Kovu kama hilo halikuonyeshi sura yake wiki ya kwanza ukiwa hotelini, linakuja miezi mbele, na likianza unataka mtu wa kuchoma sindano wiki hiyohiyo.

Hesabu ya hela tulifanya upya pia. Kwenye karatasi Istanbul ilionekana rahisi, ila ukiweka tiketi, visa, hoteli, duka kufungwa, alafu ukazidisha mara mbili kwasababu kurekebisha mara nyingi ni awamu mbili, tofauti na Nairobi ikawa ndogo sana. Daktari mzuri wa nje ikawa juu kabisa.

Tulipofikia ni hivi. Vipele vinatibiwa hapa Dar mpaka vitulie. Alafu Nairobi kuna daktari wa upasuaji alietuambia kitu ambacho hakuna mwingine alisema, kwamba hatopanga siku ya oparesheni kabla hajatoboa sehemu ndogo ya majaribio nyuma ya sikio na kuiangalia kwa miezi kadhaa, aone kama kovu linavimba na mashina yanatoka mazima au yanakatika. Akatoboa mbele yetu? Hapana, alitaka barua ya daktari wa ngozi kwanza, na mi nikampenda kwa hilo. Yakienda vizuri ataanza na kuvitoa vile vishungi vya mbele tu, kisogo hakigusi. Ikionekana mashina yanakatika sana mkononi mwake, amesema mwenyewe atatuandikia barua twende kwa mwenye uzoefu zaidi, na yule wa Istanbul wa mgonjwa mmoja kwa siku ameshakubali kupokea ripoti zote na kuongea na dokta wetu wa ngozi moja kwa moja. Mama hajaridhika, anasema aache kama kilivyo, avae kofia. Anavaa kofia tayari, mwaka mzima.

Kwa anaeanza kutafuta leo, nyoa fupi, piga picha kwenye mwanga wa dirishani: mbele, utosi, pembeni kote kuwili, na kisogo mpaka shingoni, kikavu na kikiwa na maji. Omba kliniki ya mwanzo ikupe ripoti, idadi ya mashina waliyochukua na kitobozi cha ukubwa gani, wengi wanatoa ukisumbua. Tuma hizo picha kwa madaktari wa huku na wa nje pamoja, swali lilelile kwa wote: kimebaki kiasi gani kisogoni, na kwenye hicho utatumia kiasi gani na kipi utakiacha. Na uulize atakaetoboa ni nani, jina kamili.