Mahindi si ya Wahindi

Jamani kuna kitu kimenikaa kichwani wiki nzima, acha nikiandike. Mi nafundisha kilimo kidato cha pili huku Muheza, na hawa watoto kwa mahindi huwaambii kitu, ukimwamsha mtu usiku wa manane ukamuuliza nafasi atakwambia sentimita 75 kwa 30 mbegu moja kila shimo. Sasa juzi nikawauliza tu, haya mahindi asili yake wapi? Kimyaa. Mwishoni mmoja akasema India mwalimu, si jina lenyewe linasema.

Na alifikiri vizuri kwakweli. Nikamwambia Waturuki wanayaita mısır, yaani Misri, Waitaliano wanayaita granturco, nafaka ya Kituruki, yani kila mtu kamtaja mgeni mwingine na wote wamekosea, maana yametoka Meksiko, wakulima wa kule ndio waliyatoa kwenye nyasi ya porini inaitwa teosinte miaka kama 9,000 iliyopita, wakichagua mbegu msimu hadi msimu. Afrika yamefika baada ya Wareno kuanza safari zao za Amerika, miaka ya 1500 huko. Darasa zima likaamka! Mmoja akauliza na maharage je? Na maharage pia, na maboga pia, yote Amerika, na wakulima wa kule wanayapanda shamba moja wanaita milpa, haragwe linapanda juu ya bua la mhindi, boga linatambaa chini linafunika ardhi magugu yasiote. Wakaanza kupiga kelele, mwalimu, si ndilo shamba la bibi hilo!

Ndo hapo nikaona tunawanyima watoto kitu kikubwa. Tunawapa zao kama limeshuka kutoka mbinguni, hatuwapi watu waliolilea. Na zao likisafiri bila maarifa ya wenyewe watu wanaumia, hili nililirudia mara mbili darasani. Wameksiko wanachemsha mahindi na chokaa au majivu kabla ya kusaga, mahindi hayo yanaitwa nixtamal, hapo niasini, yaani vitamini B3, iliyojifungia ndani ya punje inafunguka mwili unaipata. Ulaya walichukua mbegu wakaacha mapishi, na maskini wa kaskazini mwa Italia waliokuwa wanakula mahindi matupu wakapata pelagra, ngozi inababuka, unahara, mwisho akili inavurugika, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaua maelfu kusini mwa Marekani. Hata hapa jirani, mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra kwa maelfu baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao. Karanga tu jamani! Nikawaambia mkiona bibi anatia karanga kwenye mboga msidhani ni utamu peke yake.

Kuna binti anakaa nyuma, huwa haongei kabisa, akanyoosha mkono akasema bibi yake hutia magadi kidogo kwenye makande yaive haraka, je ni kama ile chokaa? Nikamwambia magadi na chokaa vyote si asidi, viko upande mmoja, ila kama magadi yanafungua hiyo niasini vilevile sitaki nikudanganye, nenda kamuulize bibi anatia kiasi gani, alifundishwa na nani, na kwao huko walikuwa wanatumia magadi au majivu. Ameniambia anaenda Jumamosi. Wenzake wanne wameomba waende naye.