Asidi ya salisiliki iliyokuwa ikinipotea

Siku ya 1. Kazi ni kupima asidi ya salisiliki, dawa ya ngozi, ndani ya krimu ya asilimia 2. Krimu yenyewe siwezi kuiingiza kwenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha vitu na kuvipima. Mafuta yake yangeziba mapema safu, yaani mrija wa kutenganishia. Kwa hiyo nimepanga hivi: nayeyusha krimu kwenye kiyeyushi cha hekseni, natikisa na maji yenye sodiamu baikaboneti, dawa inageuka chumvi na kuhamia majini, mafuta yanabaki juu. Kisha natia asidi majini ili dawa irudi katika umbo lake la kwanza, naichota kwa kiyeyushi kingine, ethili asetati. Dawa moja inahamishwa mara mbili, na kila mara inaacha uchafu nyuma.

Siku ya 2. Nilitikisa kwa nguvu kama mtu anayechanganya uji. Matokeo yake ni tabaka la tatu, jeupe kama maziwa, katikati ya faneli ya kutenganishia (chombo chenye bomba chini). Krimu ina viambato vya kuunganisha mafuta na maji, na mimi nikavisaidia. Kijiko cha chumvi na subira ya saa moja vilitosha kulivunja. Tangu hapo napindua faneli taratibu, nikifungua bomba kila mara kutoa gesi, maana baikaboneti ikikutana na asidi ya dawa hutoa kaboni dioksaidi. Bomba nalielekeza ndani ya kabati la kufyonza mvuke, kamwe si usoni.

Siku ya 4. Nilichukua krimu isiyo na dawa, nikatia kiasi cha dawa ninachokijua, nikapitisha hatua zote. Iliyorudi ni asilimia 64. Nilivilaumu vyombo, nikailaumu mizani, nikasuuza kila kitu upya. Asilimia 63.

Siku ya 5. Kwa bahati sikuwa nimemwaga tabaka la maji. (Usimwage tabaka lolote kabla majibu hayajatoka, hata kama unadhani unajua lipi ni lipi. Ethili asetati huelea juu ya maji, kiyeyushi kama diklorometheni huzama.) Nilichovya karatasi ya pH: karibu 5. Basi! Asidi niliyotia niliikadiria kwa matone, na baikaboneti iliyobaki ikaila karibu yote kabla dawa haijaguswa. pKa ya asidi ya salisiliki, yaani pH ambapo nusu yake ni asidi na nusu ni chumvi, ni takriban 3, kwa hiyo kwenye pH 5 karibu asilimia 99 yake bado ni chumvi, nayo chumvi haina haja na ethili asetati. Ile kidogo iliyo asidi ikihama, chumvi nyingine hugeuka asidi kuchukua nafasi yake, ndiyo maana ilitoka 64, lakini si yote. Niliongeza asidi ya haidrokloriki hadi pH ikafika 1, nikachota tena. Nyingi ya ile iliyopotea ikatoka.

Siku ya 7. Nimerudia tangu mwanzo: asidi kidogo kidogo hadi mapovu yaishe, kisha karatasi ya pH. Nachota mara tatu kwa mililita 20 badala ya mara moja kwa 60. Chukua mfano wa dawa nyingine, inayopendelea kiyeyushi mara 3 tu kuliko maji, kwenye maji ya mililita 50: mchoto mmoja mkubwa huacha karibu asilimia 22, mitatu midogo huacha 9. Nakausha kwa sodiamu salfeti isiyo na maji, navukiza kiyeyushi, nayeyusha mabaki upya, nachuja kwa kichujio cha mikromita 0.45.

Iliyorudi: asilimia 97, 96, 98. Kesho naanza krimu zenyewe.