Watoto wanne, chandarua kimoja

Idi iliyopita wifi yangu alikuja Tanga kutoka Handeni na mwanawe wa miaka 5. Walifika Jumatano jioni, mtoto ana mafua, macho mekundu, anakohoa. Tukasema ni vumbi la njiani. Usiku nikatandika magodoro mawili sakafuni, nikashusha chandarua kimoja kikubwa, watoto wanne wakalala humo: mgeni, binti yangu wa miaka 8, mdogo wake wa miaka 3, na kitinda mimba wa miezi 7. Dirisha tulilifunga kwa kuogopa mbu.

Jumamosi asubuhi vipele vikaonekana nyuma ya masikio ya mgeni. Mchana vimejaa usoni, jioni viko kifuani. Mama mkwe alimtazama mara moja tu. "Hii surua, mwanangu." Tukamhamishia chumba cha mwisho, tukaamini tumewahi.

Tulikuwa tumeshachelewa. Mwenye surua huanza kuambukiza siku 4 hivi kabla vipele havijatoka, na huendelea siku 4 baada ya kutoka. Usiku ule wa Jumatano, tulipokuwa tunamwita mwenye mafua, ndipo alipokuwa anaambukiza. Virusi vyake hubaki hewani kwa muda wa hadi saa 2 hata mgonjwa akishatoka chumbani. Kati ya watu 10 wasio na kinga wanaokaa naye karibu, 9 huupata. Na sisi tuliwalaza wanapumuliana usiku kucha.

Zikapita siku 10 kimya. Kisha kijana wangu wa miaka 3 akapandwa na homa, kesho yake kitinda mimba. Nesi alimfungua kitinda mimba mdomo, akamulika kwa tochi ya simu, akaniita niangalie. Ndani ya shavu, juu ya wekundu, kulikuwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. "Vipele utaviona siku mbili hizi, dada." Vikatoka kweli. Akakata ncha ya kidonge cha buluu cha vitamini A, akamkamulia mdomoni. Cha kaka yake kilikuwa chekundu. Kesho yake akarudia.

Mama mkwe alitaka tufunge madirisha na watoto wasiogeshwe mpaka upele utoke wote, ndivyo alivyolelewa. Nesi alimwamkia kwa heshima, akamwomba tufungue.

Binti yangu, aliyepata chanjo zote mbili, hakuumwa kabisa. Mdogo wake wa miaka 3 alikuwa na moja tu, ya miezi 9. Ya miezi 18 nilimpeleka, nikaambiwa watoto ni wachache leo, rudi Alhamisi. Chupa ya chanjo ya surua na rubela ina dozi 10, na ikishachanganywa lazima itumike ndani ya saa 6 au imwagwe, kwa hiyo wanasubiri watoto watoshe. Hesabu yao naielewa. Lakini Alhamisi ile nilikuwa na mzigo wa vitumbua wa watu, sikurudi, na wala hakuna aliyeniulizia.

Mgeni wetu, baada ya wiki moja, alikuwa anakimbia uani. Kitinda mimba alipata nimonia, tukalazwa siku 6, mbavu zikiingia ndani kila akivuta pumzi. Nilidhani ni udogo wake tu. Usiku mmoja wodini nikasoma habari za Peter Aaby, mtafiti Mdenmark aliyefuatilia mlipuko wa surua wa mwaka 1979 mtaa wa Bandim, mjini Bissau, nchini Guinea-Bissau. Aliona kwamba watoto walioambukizwa na mwenzao ndani ya nyumba walikufa zaidi kuliko yule aliyeuleta ugonjwa kutoka nje. Maelezo yake ni kwamba anayelala na mgonjwa huvuta virusi vingi zaidi, kwa muda mrefu zaidi. Niliisoma mara mbili huku nimemshika mwanangu mguu.

Mwenyezi Mungu alimponya. Alipotimiza miezi 9 bado alitakiwa kuchanjwa, hata kama ameshaugua. Jumatano jioni nikapita mlango kwa mlango, nikaomba kadi za kliniki, nikazisoma moja moja. Watoto 5 wa majirani walikuwa wamekosa ya miezi 18, kama wangu. Alhamisi saa 2 asubuhi tulikuwa kwenye benchi na watoto 7. Nesi akatuhesabu, akaenda kufungua chupa.