Uwanja wa Mji Hautunzwi kwa Rangi Pekee

Juzi alasiri nilipita kwenye uwanja mmoja wa hapa kisiwani Mombasa ambao babu alikuwa akinipeleka kutazama mpira, nikashika nguzo ya jukwaa, na magamba ya kutu yakabaki kiganjani mwangu kama magamba ya samaki. Hewa ya bahari yetu ina chumvi, na chuma kisichokwanguliwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kila mara huliwa kuanzia kwenye maungio, mahali ambapo macho ya mkaguzi hayafiki kwa urahisi.

Nyasi nazo zina shida yake. Kiwanja cha mita 105 kwa 68 ni zaidi ya mita 7,000 za mraba zinazohitaji maji, na visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi. Mkutano mmoja wa hadhara, magari yakiingia hadi katikati baada ya mvua ya masika, huharibu kazi ya miezi.

Bandari, klabu yetu ya soka ya Mombasa, ilipotwaa kombe la shirikisho la soka nchini mwaka 2019, mechi zake za nyumbani za mashindano ya klabu za Afrika ilizichezea Kasarani, Nairobi, karibu kilomita 480 kutoka kwa mashabiki wake. Jambo hilo bado linaniuma. Ningependa mapato ya kila tamasha na kila mkutano yatengewe fungu la matengenezo kabla ya matumizi mengine yoyote, na mtunza nyasi aajiriwe kwa kudumu, si kwa kibarua cha wiki ya mechi.