Kutoka minofu ya sangara mpaka krayoni

Jamani mi nilikuwa mhasibu kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, na nisingeacha kama mume wangu asingefariki. Baada ya msiba kuongea kukanishinda kabisa, watu wanakuja kunipa pole mi kimya, basi usiku mmoja nikachukua krayoni za mwanangu nikachora jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, nikakandamiza nyeusi mpaka karatasi ikachanika, nikalia weee, halafu nikalala usingizi wa maana.

Ndo nikaanza kusoma. Kumbe jina la tiba ya sanaa, yaani kumsaidia mtu kutoa ya moyoni kwa kuchora, lilianza na Adrian Hill, mchoraji wa Uingereza aliyeugua TB akawa anachora akiwa sanatoria, hospitali ya wagonjwa wa TB, akalitumia 1942. Huko kwao cheo cha mtaalamu wa tiba ya sanaa kinalindwa na sheria, kwa hiyo mi sijiiti mtaalamu, bado nasoma saikolojia.

Jumamosi nakaa na kina mama wa Mwaloni Kirumba, soko la samaki, tunachora. Simsifii mtu mchoro, nauliza tu "hapa kuna nini, mama?" Juzi muuza dagaa mmoja kachora mtumbwi mtupu, maji yote mekundu, akaniambia "mwanangu, ongeza nyekundu."

Hela? Bado sana, siku za kazi nafungia watu mahesabu, na krayoni nazo zinapanda bei kila nikienda steshenari.